Futi ya Fundi na Presha Yako: Mwongozo Kamili wa Kupima Kiuno, Nyonga na Urefu Nyumbani

Dar es Salaam tumezoea kuulizana kilo. Vijana wenye mizani wanakaa kando ya vituo vya daladala, unapanda, unasomewa namba, unalipa, unaondoka. Namba hiyo peke yake haisemi mengi kuhusu presha. Mwenye kilo 80 anaweza kuwa mbeba mizigo wa Kariakoo aliyejaa misuli, na anaweza kuwa karani ambaye tumbo lake linafika mezani kabla yake. Kinachohitajika ni kujua hizo kilo zimekaa sehemu gani ya mwili, na chombo cha kulijua hilo ni kile anachovaa fundi cherehani shingoni.

Mwongozo huu unakupeleka kwenye vipimo vinne (urefu, kiuno, nyonga, uzito), hesabu chache za simu, kisha kwenye mashine ya presha yenyewe. Nitangulize jambo moja ili tusije tukagombana mbele: tepu haipimi presha. Tepu inakwambia wewe ni mtu wa kuharakisha kupima au la. Jibu la presha liko kwenye mashine.

Kwa nini tumbo na si mapaja

Mafuta ya mwili hayafanani tabia. Yale ya mapajani na makalioni hukaa chini ya ngozi na kwa kiasi kikubwa yametulia. Yale ya ndani ya tumbo hujipanga kuzunguka utumbo, ini na figo, na hayo ndiyo yenye fujo. Figo zikizungukwa na kubanwa na mafuta, hushindwa kutoa chumvi kwa wepesi. Chembe za mafuta zenyewe hutengeneza protini iitwayo anjiotensinojeni, ambayo mwili huibadilisha hatua kwa hatua hadi iwe kemikali ya kubana mishipa ya damu na kuziamuru figo zishike chumvi. Juu ya hapo, mwenye mafuta mengi tumboni mara nyingi mwili wake hausikii insulini vizuri. Kongosho hulazimika kumwaga insulini zaidi, na hiyo nyingi nayo huzihimiza figo kubaki na chumvi. Chumvi ikibaki, maji yanabaki. Damu inakuwa nyingi ndani ya mishipa iliyobanwa, na presha inapanda.

Hili si jambo la juzi. Mwaka 1947 daktari Mfaransa wa Marseille, Jean Vague, aliandika kwamba wanene hawaugui sawasawa: wale ambao mafuta yao yamekaa juu na tumboni ndio waliokuwa wakipata kisukari na maradhi ya mishipa kuliko wale ambao mafuta yao yamekaa chini, kwenye nyonga na mapaja. Miaka mingi ikapita kabla hospitali hazijaanza kushika tepu. Zilishika mizani, kwa sababu mizani ni rahisi.

Hapa kwetu hali yenyewe inajulikana. Uchunguzi uliofanywa Ilala na katika kijiji kimoja cha wilaya ya Hai, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2000, ulikuta takriban watu wazima 3 kati ya 10 wana presha ya 140/90 au zaidi, mjini na kijijini karibu sawa. Kilichonishtua humo ni kingine: kati ya waliokuwa na presha hiyo, wasiofika mmoja kati ya watano ndio waliokuwa wakijijua. Presha haiumi. Mtu anaendesha daladala, anauza samaki Feri, anahudhuria harusi, na presha iko naye. Ndiyo maana kitu chochote cha bei nafuu kinachoweza kumsukuma mtu aende akapime kina thamani, na futi ya fundi ni miongoni mwa hivyo.

Hatua ya 1: Vifaa, na kuihakiki tepu

Unahitaji futi ya fundi cherehani, mizani, kitabu chenye jalada gumu, penseli, na mtu wa kukusaidia. Mtu huyo si wa lazima, lakini ukijipima peke yako tepu hupanda mgongoni bila wewe kujua.

Tepu za plastiki zinazouzwa mitaani huvutika zikishatumika sana. Kabla ya kuiamini, ilaze kando ya rula ya shule ya sentimita 30, kisha uihamishe rula hiyo mara mbili mpaka ufike 90. Alama zisipolingana, tafuta tepu nyingine. Angalia pia ncha ya chuma: kwenye tepu nyingine sifuri inaanzia kwenye chuma, kwenye nyingine inaanzia baada yake.

Mafundi wetu wengi hutumia upande wa inchi. Wewe geuza, tumia sentimita. Kama tayari una namba ya inchi, zidisha kwa 2.54.

Hatua ya 2: Urefu

Vua viatu, vua kofia, na kama umevaa wigi au umesuka rasta za kupanda juu, ujue zitakuongezea sentimita ambazo si zako. Simama ukutani, visigino, makalio na mabega yaguse ukuta, macho yatazame mbele. Msaidizi aweke kitabu juu ya kichwa, kikae mraba na ukuta, apige alama ya penseli chini yake. Pima kutoka sakafuni hadi alama. Kwa mtu mzima zoezi hili hufanywa mara moja, ingawa wazee wa miaka 60 na kuendelea hupungua kimo, hivyo wapimwe upya.

Usitumie urefu ulioandikwa kwenye fomu ya zamani ya kazi. Wanaume hasa huwa tunajiongezea.

Hatua ya 3: Kiuno

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na ndipo nitakapokaa kwa muda.

Kiuno cha fundi si kiuno cha daktari. Fundi hupima pale nguo itakapokaa, na kwa mwanaume mwenye kitambi suruali hukaa chini ya tumbo. Ndiyo maana unamkuta mtu anajisifu kuwa anavaa saizi 34 tangu alipomaliza chuo. Saizi haijabadilika kwa sababu suruali imehama. Kila mwaka inashuka kidogo kupisha tumbo. Namba ya suruali usiitumie kabisa katika hesabu hizi.

Utaratibu wa Shirika la Afya Duniani ni huu. Tumia vidole kutafuta mbavu ya mwisho kabisa ubavuni, kisha shuka utafute ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, ule unaozuia kanga isidondoke. Pima umbali kati ya hizo mbili na uweke alama ndogo katikati. Fanya hivyo kushoto na kulia. Tepu ipite juu ya alama hizo mbili, izunguke mwili ikiwa sambamba na sakafu, isiwe imepanda mgongoni wala kushuka mbele. Kwa baadhi ya watu itapita kitovuni, kwa wengine juu au chini ya kitovu. Kitovu kisikusumbue, maana kwa mwenye kitambi kinachoning'inia chenyewe kimeshashuka.

Pima juu ya ngozi, au juu ya nguo moja nyepesi sana. Miguu iwe pamoja, uzito umegawanyika sawa, mikono imelegea pembeni. Tepu iguse ngozi bila kuibana. Ikiacha mfereji, umebana mno. Vuta pumzi kawaida, itoe kawaida, na mwisho wa kutoa ndipo isomwe. Hapa majaribu ni makubwa: mtu akiona tepu inakuja, tumbo huingia ndani lenyewe. Dawa yake ni kumpigisha mpimwaji stori. Akicheka, tumbo hurudi mahali pake.

Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya kunywa chai, ukishatoka chooni. Ukipima Ijumaa mchana baada ya sinia la pilau unapima pilau. Pima mara mbili. Zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 1, rudia zote mbili; zikikaribiana, chukua wastani.

Kama hakuna tepu nyumbani, kuna njia ya kamba. Chukua kamba isiyovutika, ikate iwe sawa kabisa na urefu wako, ikunje katikati, kisha izungushe kiunoni pale penye alama. Ncha zikikutana au kupishana, kiuno chako hakizidi nusu ya urefu wako. Ncha zisipokutana, kimezidi. Mtu asiyejua kusoma namba anaweza kujipima hivyo na akapata jibu sahihi.

Hatua ya 4: Nyonga

Tepu ipite pale makalio yalipotokeza zaidi, iwe sambamba na sakafu. Msaidizi atazame kutoka ubavuni, kwa sababu wewe mwenyewe huoni. Toa simu na pochi mifukoni. Kwa akina mama wanaovaa hipsi za sponji sitasema zaidi ya kwamba zivuliwe.

Hatua ya 5: Uzito

Mizani iwe juu ya sakafu ngumu, si juu ya zulia. Nguo nyepesi, bila viatu. Basi.

Hatua ya 6: Hesabu

Hesabu ya kwanza ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote: gawanya kiuno kwa urefu, vyote kwa sentimita. Mwaka 2022 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, NICE, iliwashauri watu wazima wahakikishe kiuno hakifiki nusu ya urefu. Mgawanyo wake ni huu: 0.4 hadi 0.49 ni salama, 0.5 hadi 0.59 hatari imeongezeka, 0.6 na kuendelea hatari ni kubwa. Uzuri wake ni kwamba kipimo ni kimoja kwa mwanamke na mwanaume, Mwafrika na Mzungu, na mtu hahitaji kukariri jedwali.

Ya pili ni kugawanya kiuno kwa nyonga. Kwa Shirika la Afya Duniani, mwanaume mwenye 0.90 na kuendelea au mwanamke mwenye 0.85 na kuendelea yuko kwenye hatari iliyoongezeka sana.

Ya tatu ni kiuno peke yake. Mwanaume akizidi sentimita 94 hatari imeanza kupanda, akizidi 102 imepanda sana. Mwanamke ni 80 na 88. Namba hizi zilipatikana kwa Wazungu. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilipotoa vigezo vyake mwaka 2005 lilisema Waafrika wa kusini mwa Sahara watumie kwa muda namba za Wazungu, yaani 94 na 80, hadi takwimu zao wenyewe zitakapotosha. Kwa hiyo zichukue kama taa ya njano.

Ya nne ni ile maarufu ya BMI: kilo gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene. Kanuni hii aliibuni Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19, naye alikuwa mwanahisabati na mwanaastronomia aliyetafuta wastani wa binadamu, hakuwa akitafuta wagonjwa. Ilipofika 1972 ndipo Ancel Keys wa Marekani na wenzake walipoipa jina tunalolitumia leo.

Tuzitazame kwa watu wawili wa mfano.

Wa kwanza ni dereva wa bodaboda wa Tegeta. Urefu sentimita 168, kilo 66, kiuno 91, nyonga 93. BMI yake ni 23.4, safi kabisa. Kiuno hakijafika 94, nacho kinapita. Lakini gawanya 91 kwa 168: unapata 0.54. Gawanya 91 kwa 93: unapata 0.98. Jamaa ana miguu myembamba na kitambi kinachofichwa na koti la kuendeshea. Mizani ya kituoni itamwambia nenda salama.

Wa pili ni mama lishe wa Buguruni. Urefu 158, kilo 78, kiuno 84, nyonga 112. BMI yake ni 31.2, na kwa kipimo hicho ni mnene wa kuandikiwa onyo. Kiuno kwa nyonga ni 0.75, chini ya kikomo kwa mbali. Kiuno kwa urefu ni 0.53.

Ukitumia BMI peke yake, mama ana matatizo na kijana hana. Ukitumia nyonga peke yake, kijana ana matatizo na mama hana. Kiuno kwa urefu kinawaweka karibu karibu, wote juu ya nusu kidogo, wote wanatakiwa kupima presha mwezi huu. Nadhani hilo ndilo jibu lenye busara zaidi kati ya yote matatu. Kilo za mama hazikuwa bure, maana unene wa jumla nao hupandisha presha, ila umbo lake halimtishi kama BMI inavyodai.

Kwa nini siweki nyonga mbele

Mwaka 2005 uchunguzi mkubwa uitwao INTERHEART, uliohusisha nchi 52 na watu wapatao 27,000, ulionyesha kiuno kwa nyonga kinahusiana na mshtuko wa moyo kwa nguvu kuliko BMI. Wengi wakaanzia hapo kukiona ndicho kipimo cha kila kitu. Lakini mshtuko wa moyo na presha si kitu kimoja. Kwa presha, uchambuzi wa mwaka 2012 uliojumlisha tafiti zenye watu zaidi ya 300,000 uliweka kiuno kwa urefu mbele ya BMI na mbele ya kiuno peke yake. Tofauti zenyewe hazikuwa kubwa, na ziko tafiti ambazo BMI hufanya vizuri vilevile. Anayekwambia kipimo kimoja kimevifuta vingine anakuuzia kitu.

Nyonga pia ina udhaifu wa kihesabu. Mtu akikonda sehemu zote kwa pamoja, kiuno na nyonga hupungua vyote, na namba inabaki palepale kana kwamba hakufanya kazi yoyote. Kwa kufuatilia maendeleo, haikufai.

Fomula mpya zinazozunguka mtandaoni

Kuna mbili utakazokutana nazo. Ya kwanza ni ABSI, iliyotolewa mwaka 2012 na Nir Krakauer na baba yake Jesse Krakauer huko Marekani. Inachukua kiuno na kukigawanya kwa mchanganyiko wa BMI na urefu uliopandishwa kwa vipeo vya sehemu, ili kupata umbo lililotenganishwa na uzito. Imeonekana kufaa katika kukadiria vifo. Kwa presha imekuwa dhaifu kuliko kiuno na BMI za kawaida, na sababu inaeleweka: ukiuondoa uzito kwenye hesabu umeondoa sehemu ya kile kinachopandisha presha. Sioni haja ya mtu wa nyumbani kuhangaika nayo.

Ya pili ni BRI, kipimo cha uduara wa mwili, ya mwaka 2013. Fomula yake inatisha: ina mzizi wa kipeo cha pili, ina pai, ina namba 364.2 na 365.5. Programu za simu zinaipenda kwa sababu inaonekana ya kisasa. Ukiifungua ndani utakuta vitu viwili tu, kiuno na urefu. Maana yake, ukipanga watu mia kwa BRI na ukawapanga tena kwa kiuno gawanya kwa urefu, foleni inatoka ileile, mtu kwa mtu. Dereva wetu wa Tegeta anapata takriban 4.2, na haikumwambia chochote ambacho 0.54 haikumwambia. Usilipie programu kwa ajili hiyo.

Tepu inapodanganya

Mjamzito asipimwe kiuno kwa ajili ya hesabu hizi. Ajue hata hivyo kwamba presha yake ni muhimu kuliko ya mtu yeyote aliyemo nyumbani, na ipimwe kila hudhurio la kliniki. Aliyejifungua karibuni asubiri miezi kadhaa.

Uvimbe kwenye kizazi ni jambo la kawaida kwa wanawake wetu na unaweza kulijaza tumbo vizuri kabisa. Tumbo gumu, limetokeza chini ya kitovu, hedhi nzito: huyo aende akapigwe picha ya altrasaundi. Kumpa mazoezi ya kitambi ni kumpotezea muda. Vivyo hivyo kwa maji tumboni yanayotokana na ini au moyo. Tumbo lililokua ghafla ndani ya wiki chache, miguu ikavimba, si kitambi hata kidogo.

Watoto wana majedwali yao ya umri. Namba hizi zote ni za watu wazima.

Kisha kuna kundi ambalo tepu huwapitisha kwa heshima na presha iko palepale: wembamba. Chumvi, umri, urithi wa familia, pombe, sigara, maradhi ya figo, vyote hupandisha presha bila kugusa kiuno. Mzee mwembamba wa Kigamboni aliyekula samaki wa ng'onda maisha yake yote anaweza kuwa na 170 ya juu na kiuno cha sentimita 76. Kwa hiyo tepu ikikuita, nenda. Isipokuita na una zaidi ya miaka 40, au baba au mama alikuwa na presha, nenda vilevile.

Hatua ya 7: Mashine ya presha

Zahanati na vituo vya afya hupima, famasi nyingi hupima, na hospitali za rufaa za mkoa kama Amana, Temeke na Mwananyamala zina kliniki zake. Kwenye msimu wa maonesho ya Sabasaba mabanda ya vipimo huwa mengi. Sipendi sana presha ya kwenye maonesho, nitasema kwa nini.

Presha ni kitu cha kutikisika. Umeshuka mwendokasi uliojaa, umepanda ngazi, mkojo umekubana, nesi anakuuliza maswali huku mashine inajaza upepo. Namba itakayotoka ni ya hayo yote. Utaratibu sahihi: nusu saa kabla usivute sigara, usinywe kahawa wala chai ya rangi, usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo. Kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, miguu isipishane. Mkono wazi, si juu ya shati, umelazwa juu ya meza usawa wa moyo. Usiongee, na anayekupima asikuongeleshe. Pima mara mbili au tatu ukipumzika dakika moja katikati, andika zote. Mara ya kwanza kabisa pima mikono yote miwili, na tangu hapo tumia ule uliotoa namba kubwa.

Tepu yako inarudi kazini hapa. Zungushia katikati ya mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko. Mkanda wa mashine za kawaida umetengenezwa kwa mikono ya takriban sentimita 22 hadi 32, na mkanda mkubwa kwa 32 hadi 42. Vipimo vimechapishwa kwenye mkanda wenyewe. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, mashine hutoa presha ya juu kuliko ilivyo. Yaani hao hao ambao tepu imewaambia wakapime ndio wanaopimwa vibaya zaidi. Mwambie mhudumu, kwa adabu, "Samahani dada, mkono wangu una sentimita 35, kuna mkanda mkubwa?" Ukinunua ya nyumbani, chukua ya mkono wa juu, achana na ya kifundo cha mkono.

Kwa kipimo cha kituoni, 140 ya juu au 90 ya chini, ikirudia siku tofauti, ni presha. Kwa kipimo cha nyumbani kikomo ni 135/85, kwa sababu nyumbani mtu ametulia. Wamarekani tangu 2017 huhesabu kuanzia 130/80, hivyo usishangae ukisoma namba zisizolingana. Ukikuta 180 ya juu au 120 ya chini, kaa utulie upime tena. Ikibaki hapo nenda hospitali siku hiyohiyo. Ikiambatana na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mdomo kwenda upande, mkono kulegea au macho kuona giza, usisubiri kupima mara ya pili.

Ukishapata majibu

Kiuno chini ya nusu, presha chini ya 120/80: rudia presha baada ya mwaka.

Kiuno juu ya nusu, presha bado nzuri: hapa ndipo kuna nafasi ya kufanya kitu bila kidonge. Uchambuzi wa majaribio mengi umeonyesha kila kilo moja anayopunguza mtu hushusha presha ya juu kwa takriban milimita moja ya zebaki, kwa wastani. Kilo 5 ni kama alama 5. Mafuta ya tumboni hutangulia kuondoka, kwa hiyo mara nyingi mkanda wa suruali husogea tundu moja kabla mizani haijasema kitu. Pima kiuno mara moja kwa mwezi, saa ileile. Ukipima kila siku utakuwa unafuatilia choo na gesi.

Za kuanza nazo ni soda na juisi za sukari, bia za jioni, chipsi za kila usiku, na chumvi ya kuongezea mezani. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ikiwemo iliyofichwa kwenye mkate, mchuzi wa vidonge na kachumbari. Kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki kunatosha kuanzia; klabu za joging za Temeke na Mbagala hazichagui mtu. Kuinuka tumbo mara mia kitandani kunaimarisha misuli iliyo chini ya kitambi na kukiacha kitambi chenyewe. Mikanda ya kubana tumbo inahamisha mafuta kwa saa chache. Chai na vidonge vya kukondesha vinavyouzwa kwenye mitandao, vingine vina vichocheo vinavyopandisha presha yenyewe, kwa hiyo ukaenda kununua ugonjwa uliokuwa unaukimbia.

Kiuno juu au chini, presha 140/90 au zaidi kwa siku tofauti: muone daktari. Atataka kujua figo, sukari na mafuta ya damu. Beba daftari lenye tarehe, kiuno, uzito, namba ya juu, namba ya chini, saa, na mkono uliotumika. Ukianzishiwa dawa, endelea na tepu kama kawaida. Kiuno kikipungua na presha ikashuka huku unameza vidonge, usiviache mwenyewe. Rudi na daftari hilo, daktari aone kama dozi inaweza kupunguzwa.